Afisa wa Sura ya Vyakula

Afisa alikuwa na ugomvi wa kudumu na neno moja: vinginevyo. Kitabu cha ushuru wa forodha kimegawanywa kwa sura, na karibu kila mahali kwenye sura hizo kuna mstari wa mwisho wa vinginevyo, wa kuwekea kitu ambacho hakikutajwa huko juu. Sisi mawakala tunaupenda sana mstari huo. Ukichoka kutafuta, unaandika vinginevyo, unafunga tamko lako la mzigo, unakwenda kunywa chai. Afisa alikuwa akilisoma tamko kama hilo taratibu, analiweka mezani, anakutazama juu ya miwani na kuuliza, "Umechoka, au hukijui?" Mara nyingi nilikuwa vyote viwili, na yeye alijua.

Namwita Afisa kwa sababu wote tulimwita hivyo: sisi mawakala wa forodha wenye ofisi Nyamagana, Mwanza, wafanyabiashara, na hata majirani zake wa Mkolani baada ya kustaafu. Mwaka huu saratani ilipomfunga koo na madaktari wakampitishia mrija tumboni, wauguzi nao walilidaka jina hilo siku ya kwanza. Kisa cha kuandika habari zake ni huo mrija. Siku chache baada ya kurudishwa nyumbani alikataa kupitishiwa chochote ndani yake, akawa ananyauka mbele ya macho ya mkewe, na mkewe akanipigia simu mimi niende nikamshawishi. Nilikwenda, na nitaeleza yaliyotokea. Lakini asiyejua Afisa alikuwa mtu wa namna gani hataelewa alikuwa anakataa nini.

Kazi alinifundisha kwa viazi. Nilikuwa nimetoka chuoni na cheti changu, nikidhani kuainisha bidhaa ni kutafuta jina lake kitabuni na kunakili namba. Akaniagiza soko kuu nikamletee michembe na matobolwa. Nilidhani ana njaa. Niliporudi alitandika gazeti mezani, akamwaga huku michembe, huku matobolwa.

"Hivi ni nini?"

"Viazi vitamu vilivyokaushwa, Afisa."

"Vyote?"

"Vyote."

Alicheka mpaka mlinzi akachungulia mlangoni. "Mama yako angekusikia angelia," akasema. Kisha akanionyesha kana kwamba sikukulia Mwanza. Kwa michembe, viazi hukatwa vibichi vikaanikwa. Matobolwa huchemshwa kwanza, ndipo yakakatwa na kuanikwa. "Hapa moto haujapita. Bado ni zao la shamba, limekauka tu. Hapa moto umepita. Hiki tayari ni chakula kilichoandaliwa. Viazi vilevile, jua lilelile, sura mbili." Matobolwa tuliyatafuna palepale ofisini. Michembe aliifunga kwenye gazeti akaenda nayo nyumbani, akisema hiyo mkewe ndiye atakayeihamisha sura.

Tangu siku hiyo sijaweza kutazama chakula nikakiacha kipite hivihivi. Ameniharibia kula, Mungu amsamehe.

Kwa unga alikuwa na njia zake. Alichota kidogo, akausugua kati ya kidole na gumba karibu na sikio, maana alisema wanga hulia na maziwa hunyamaza. Halafu alinusa. Halafu, jambo lililowaudhi wenzake wote, aliweka ulimini na kufumba macho. Vijana wa ofisini walimkanya: Afisa, ipo siku utalamba sumu. Aliwajibu kwamba maabara itamwambia kilichomo, lakini ulimi unamwambia kitu chenyewe kilitaka kuwa nini. Sampuli alizipeleka maabara kama sheria inavyotaka, na majibu yakija tofauti na ulimi wake aliyafuata majibu bila kinyongo. Ila alikaa siku nzima amenuna, si kwa maabara, kwa ulimi.

Wafanyabiashara walimwogopa na kumtukana kwa zamu. Namkumbuka mmoja, mtu mnene mwenye sauti, aliyeleta makopo ya nyanya kwa meli kutoka ng'ambo ya ziwa. Tamko lake lilisema nyanya zilizosagwa. Afisa alifungua kopo moja, akaonja, akafunga.

"Hii sosi."

"Nyanya, mzee! Soma hapo kwenye lebo, kuna picha ya nyanya!"

"Picha naiona. Ndani kuna siki, kuna sukari, kuna viungo. Hii imeacha kuwa nyanya."

"Sasa kama nyanya imeacha kuwa nyanya, mimi nimeacha kuwa mimi?"

"Wewe hujatiwa siki," Afisa akasema. "Rekebisha tamko."

Yule mtu alitoka akiuliza korido nzima kama huyu mzee ana mke wa kumpikia. Mchana nikamkuta ameketi na Afisa nyuma ya ghala, wamenyoosha miguu, wanakula ugali na sato kutoka kwenye hotipoti ya Afisa. Ndivyo alivyokuwa. Asubuhi anauzuia mzigo wako, mchana anakuita ule, na huthubutu kukataa. Lakini wewe ukimletea hata soda, anakuambia uiweke mpaka mzigo utoke, na mzigo ukitoka anasema kiu imekwisha. Nilimwona akila na watu aliowazuilia mizigo kuliko alivyokula na marafiki. Nadhani hakuona kwamba hayo mambo mawili yanagombana.

Hata kwenye sherehe hakupumzika. Mkolani palikuwa na kipaimara cha binti wa jirani, na mezani pakaletwa makande. Afisa akauliza kwa upole kabisa, hiki ni chakula cha mahindi au cha maharage? Ndipo kazi ilipoanza. Wazee wakasema mahindi, kwa kuwa ndiyo mengi. Akina mama wakasema maharage, maana bila maharage hayo ni mahindi ya kuchemsha tu. Afisa alikaa katikati akisikiliza, uso umeng'aa, akiuliza kila upande swali lilelile: ukiondoa hiki, kitu chenyewe kinabaki? Binti wa watu alikata keki bila mtu kumtazama. Mama, yaani mkewe Afisa, alinivuta pembeni akaniambia, "Unaona ninachoishi nacho?"

Mama alikuwa na lalamiko moja, na kwangu lilikuwa la haki. Mume huyu aliyeweza kumweleza mtu sosi kwa nusu saa hakuwahi kumwambia kwamba chakula chake kitamu. Alikila chote, akafuta sahani kwa tonge la mwisho, akasema karanga leo zimetawala, au ndimu imekuja kabla ya chumvi. Basi. "Nimempikia tangu usichana wangu," Mama aliniambia, "sijasikia kitamu hata siku moja. Nasikia tu kilichotawala." Siku moja nilijitia ujasiri nikamuuliza Afisa mwenyewe. Alishangaa kweli. Akasema, "Si ninakula?" Kwake hilo lilikuwa jibu kamili.

Kitu kilichomtoa kwenye upole wake kilikuwa kopo la famasi. Kuna bidhaa zinazokuja zimevaa kama dawa: unga wa kuongeza nguvu, maziwa ya wagonjwa, lishe ya wazee, kopo jeupe lenye msalaba na maandishi madogo. Anayezileta angependa zihesabiwe dawa, kwa kuwa dawa hutozwa kwa huruma zaidi. Mama mmoja mwenye duka la dawa alikuja akalia mbele yake, akasema, Afisa, hivi hununuliwa na wagonjwa tu, wengine hawawezi hata kukaa, utaviitaje chakula? Nilikuwepo, nikisubiri zamu yangu, na moyoni nilikuwa upande wa yule mama.

Afisa alimpa kiti. Akamwambia, "Mgonjwa naye anakula, mama. Tusimnyang'anye hilo."

Nilimwona mkatili siku ile. Nilisema hivyo kwa mawakala wenzangu na hakuna aliyenibishia.

Alistaafu, akahamia moja kwa moja kwenye nyumba yake ya Mkolani, akapanda mipapai, akawa mzee wa kanisa mwenye ubishi kidogo. Nilimtembelea mara kwa mara, mara nyingine na kopo mkononi nililoshindwa kuliainisha. Alianza kupaliwa na maji. Kisha ugali ukawa haushuki, akala uji. Kisha uji nao. Aliniambia kwa sauti iliyoanza kukwaruza kwamba koo lake limekuwa forodha yenye afisa mkali. Alicheka peke yake. Mimi nilishindwa.

Hospitalini walimweka dripu, baadaye wakampitishia mrija tumboni, wakamfundisha Mama namna ya kukoroga unga na maji ya vuguvugu na kuumimina kwa bomba kubwa la sindano lisilo na sindano. Makopo ya unga ule yalitumwa na mwanawe anayefanya kazi nje ya nchi, nami ndiye niliyeyatoa uwanja wa ndege. Nilijaza tamko langu kama nilivyofundishwa, nikayapeleka Mkolani mwenyewe, Mama akayapanga kabatini. Siku za mwanzo mambo yalikwenda. Halafu ndipo simu ile ikaja.

"Njoo, mwanangu," Mama alisema. "Amekataa dawa. Anafunga kile kifuniko cha mrija kwa kidole, hataki mtu aguse. Daktari kasema hivi hawezi kufika mbali. Wewe atakusikiliza."

Nilifika Mkolani mchana. Mlango wa mbele ulikuwa wazi, lakini niliingilia uani kama ninavyofanya siku zote, nikamkuta Mama amesimama nyuma ya mlango wa jiko, sahani mkononi, anakula ugali na dagaa haraka haraka. Aliponiona aliifunika sahani kwa mtandio.

"Shikamoo, Mama. Mbona unakula umesimama?"

"Marahaba. Sitaki anione nakula. Hata kukaanga nimeacha, nachemsha tu, harufu isimfikie." Machozi yakamlengalenga. "Meza ile hatujaikalia tangu atoke hospitali."

Nikamuuliza anamwambiaje anapomletea ule unga. Akasema anamwambia ni dawa. Aliona ndiyo njia nzuri. Afisa amekuwa mtiifu wa vidonge maisha yake yote, akiambiwa meza anameza bila maswali. Kwa hiyo akawaambia wote, majirani, wazee wa kanisa waliokuja kumwombea, wajukuu kwenye simu: mzee hawezi kula tena, anaishi kwa dawa. Alilisema kwa upendo mtupu, ili mumewe asijisikie vibaya kwamba chakula chake sasa ni kile. Lakini mimi nilimjua mtu aliyekuwa amelala chumba cha pili.

Afisa alikuwa amekaa kitandani ameegemea mto, shati limemzidi mabega. Mikono tu ndiyo iliyobaki ya ukubwa wake wa zamani.

"Shikamoo, Afisa."

"Marahaba, wakala." Sauti ilikuwa mkwaruzo, ilibidi nisogee. Hakuniuliza safari wala watoto. "Makopo yale. Ulitamka nini?"

"Chakula."

"Hukuomba yahesabiwe dawa? Una mgonjwa, una cheti cha daktari."

"Sikuomba."

"Kwa nini?"

Niliogopa kama siku ile ya viazi. Nikamwambia sura ya dawa inavikataa vyakula, hata vilivyotengenezwa kwa ajili ya wagonjwa, isipokuwa vile vinavyopita kwenye mshipa wa damu.

"Dripu," akasema.

"Ndiyo. Ya hospitali ilikuwa dawa."

"Na huu?" Akagusa mrija juu ya shati. "Uko kwenye mshipa?"

"Uko tumboni, Afisa."

Alifumba macho, akapumua kwa shida. Mama alikuwa amesimama mlangoni, mtandio mkononi. Alipozungumza tena hakunitazama mimi, alimtazama yeye.

"Umesikia? Wewe unawaambia watu sili tena."

"Nilitaka ukubali tu, baba watoto," Mama akasema. "Dawa huwa hukatai."

"Dawa nimekunywa nyingi. Sina haja na nyingine." Alipumzika. "Mtu akisema mume wangu hali, ana maana gani? Mtu asiyekula ni nani? Mmeshanitoa kwenye hesabu ya watu. Halafu mnakuja mnaniinamia hapa na bomba, mnanilisha. Kwetu tunalisha ng'ombe."

Mama alikaa chini sakafuni palepale mlangoni, akalia. Nami nililia, sioni haya kusema. Hakuwa amekataa kuishi. Sote tulidhani amekata tamaa, mchungaji alishamwombea apewe moyo wa kuishi, kumbe mtu alikuwa anabishania tamko. Alikuwa na njaa wakati wote ule. Aliniambia baadaye kwamba usiku alikuwa akiota mboga za karanga.

Nikawaza lile neno lake, kulisha. Nikamuuliza Mama kama hospitalini walisema lazima bomba lishikwe na mtu mwingine. Akasema hapana, walisema tu liinuliwe juu kidogo, unga ushuke wenyewe taratibu.

"Basi si anaweza kulishika mwenyewe?"

Hakuna aliyekuwa amefikiria hilo. Mama aliinuka, akajifuta uso, akatazama ile mikono mikubwa juu ya shuka kama anaiona kwa mara ya kwanza. Nikamshika Afisa kwapa upande mmoja, Mama upande wa pili, tukamleta mezani. Ilikuwa safari ndefu kwa mtu mwepesi kiasi kile. Mama akaleta jagi na beseni, akamnawisha, na Afisa akanawa kwa makini, kidole kimoja kimoja, kama mtu aliyealikwa. Kisha Mama akakoroga ule unga kwenye bakuli la udongo, si kile kikombe cha plastiki cha hospitali, akauweka mbele yake.

Afisa akachovya ncha ya kidole, akagusa ulimi. Kumeza hakuweza, lakini kuonja aliweza bado. Tukasubiri.

"Maziwa," akasema. "Na sukari nyingi mno. Mtu aliyetengeneza hiki hana mke."

Akalichukua bomba kwa mkono wa kulia. Mama akafungua mrija na kumwonyesha, kisha akaondoa mikono yake. Afisa alimimina. Unga ukamwagika kwenye shati na kitambaa cha meza, na Mama akajizuia asifute. Akainua bomba usawa wa kifua, tukatazama maziwa yanavyoshuka. Yalipofika nusu aligeuka, akamwona mkewe amesimama.

"Wewe chakula chako kiko wapi?"

Mama aligeuka. Akaenda jikoni, akarudi na ile sahani iliyofunikwa, akavuta kiti, akakaa mahali pake. Ugali ulikuwa umepoa. Afisa akasema, "Karibu, wakala," nami nikanawa, nikamega upande wa Mama. Tulikula watatu. Dagaa walikuwa na chumvi kidogo mno kwa kuwa Mama alikuwa amewachemsha kwa woga.

Afisa aliishi baada ya hapo, si kwa muda mrefu. Saratani haikujali tulichotamka. Nilikwenda kila nilipoweza, na nikifika mchana nilimkuta mezani, shati lina madoa ya maziwa, bomba mkononi, Mama anakaanga samaki jikoni milango wazi. Alifariki mvua zilipoanza.

Msibani nilikaa mkekani karibu na Mama. Walikuja ndugu kutoka ng'ambo ya kivuko cha Kamanga ambao hawakumwona wakati wa ugonjwa, na mmoja wao, mama mtu mzima, akamshika Mama mkono na kumpa pole. "Maskini shemeji," akasema. "Tumesikia mwishoni alikuwa hali kabisa, anaishi kwa dawa tu."

Mama alikuwa ameinamia mkeka. Aliinua kichwa.

"Nani kasema? Alikuwa anakula," akasema. "Juzi mchana alikula na mimi."